Siku Niliyoiombea Chaja ya Mzee Ogola

Nitawasimulia, lakini mcheke polepole, maana hata leo nikipita Milimani watoto wa lile jumba hukimbilia getini wakiniita "Nabii Chaji!", na mlinzi, mtu mzima mwenye wajukuu, huinua mikono kama anapokea upako. Aibu hii sikusingiziwa na mtu. Niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaila pamoja na ukoko.

Chanzo ni Baba. Baba ni fundi wa stima, karakana yake iko pale Kisian kando ya barabara, na miaka yote kazi yake ilikuwa soketi na pampu za maji, mpaka Mzee Ogola, mwenye jumba la ghorofa nne Milimani, akanunua gari la umeme na akataka chaja pale maegesho, moja yake na moja ya wapangaji. Baba akaenda kusomea mambo hayo wiki mbili (akarudi anatumia maneno mazito hata akiomba chumvi), akavuta nyaya kutoka chumba cha mita, akafunga visanduku viwili vyeupe ukutani, vizuri kabisa. Sasa, Mzee Ogola ana majumba mengine mawili, na alimwambia Baba bila kuzunguka: "Fundi, Jumamosi naenda na hili gari Katito kwa wakwe, tunapeleka mahari ya kijana wangu. Nikiondoka hapa bila maneno, hayo majumba mengine ni yako. Nikisumbuka, kuna fundi wa Nairobi ananingoja."

Jumamosi hiyo Baba alipiga pasi ovaroli. Mimi nimeishi na Baba miaka kumi na sita na sijawahi kuona ovaroli ina mstari.

Shule ilikuwa imefungwa, niko kidato cha tatu, na Mama akasema heri Atieno aende na babake kuliko abaki hapa aharibu watu. Tukafika mapema. Baba akachomeka waya kwenye gari ila hakuuwasha, kwa sababu Mzee alitaka kuwasha mwenyewe na kadi yake mbele ya wageni, waone taa ya kijani, kisha auzime aondoke kama rais. Chaja zenyewe ziko hivi: ukigusisha kadi, waya unaling'ang'ania gari, na hauachii mpaka kadi ileile iguse tena, ili jirani asije akakuchomoa akaweka lake. Baba alikuwa na kadi yake ya majaribio. Akanipa. "Shika hii, naenda kuangalia mita. Usiguse kitu."

Usiguse kitu! Huyu ni mzazi ananijua tangu nizaliwe.

Watoto wa jumba, kama sita hivi, wakanizunguka wakiuliza kile kisanduku kinafanya nini, na badala ya kuwaambia kama mtu wa kawaida, nikaikunja kadi ndani ya kitambaa changu cha jasho, nikakwaruza koo, nikatoa ile sauti ya wahubiri wa mikutano ya hadhara. "Nasemaaa! Wewe stima! Popote umejificha, kwa mita ama kwa transfoma, shuka!" Nikagusa kisanduku na kitambaa. Tiiit! Taa ya kijani. Watoto wakapiga kelele, mmoja akaanguka chini kwa hiari yake mwenyewe (huyo atafika mbali). Na mimi kichwa kikavimba, nikakumbuka vile wahubiri hurusha vitambaa kwa waumini, nikakirusha juu. "Pokeaaa!"

Akapokea Dani.

Dani ni mamake Mzee Ogola, nyanya wa miaka themanini na kitu, mwenye goti baya na fimbo. Alikuwa anashuka ngazi akaona kila kitu. Kitambaa kilimtua kifuani, akakibonyeza kwenye goti, akafumba macho, akanong'ona na Nyasaye, Mungu wake, kisha akakisukuma ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna polisi anaweza kupekua.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, machozi yakimlengalenga, "Mungu amekuona."

Kabla nifungue mdomo, gari la akina mama likapiga honi, shangazi wawili wakamwinua Dani wakamweka ndani, wakatangulia Katito. Unajua mimi nilifanya nini? Nilipunga mkono.

Saa nne Mzee Ogola akashuka na wazee watatu, wote suti na kofia. Akakuta taa inawaka tayari, akakunja uso kidogo, akagusisha kadi yake azime. Nyekundu. Akaipangusa kwa suruali, akajaribu tena. Nyekundu.

"Fundi!"

Baba akaja mbio, akaangalia chaja, halafu akaniangalia mimi. "Kadi."

"Iko."

"Iko wapi?"

"Inaelekea Katito."

Baba akazima swichi kubwa. Jumba zima likazimika, mama mmoja akatokea ghorofa ya tatu nywele nusu zimekauka nusu zinadondosha maji, akatutukana ukoo mzima, na waya bado umelishika gari kama kupe. Mzee mmoja akalizunguka, akasema, "Ogola, yawa, hata ng'ombe wa mahari hafungwi hivi."

Mzee Ogola akapiga simu, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. "Mama, tunaomba kile kitambaa."

"Cha nabii? Sitoi. Goti linanyooka."

"Mama, ndani yake kuna kadi!"

"Nilisikia kuna kitu kigumu. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe." Akakata.

Na baba wa bwana harusi asipofika, hakuna kuingia kwa wakwe, watu wanasimama tu kwa geti. Kwa hivyo tuliingia pikapu ya Baba: Mzee mbele na kofia yake, wale watatu nyuma kati ya ngazi na roli la waya, mimi juu ya sanduku la vifaa, nikikwepa macho yao mpaka Katito.

Wakwe walikuwa wamejipanga barabarani na simu juu, wapige picha gari lisilo na sauti. Ikafika pikapu ambayo eksosi yake ilisikika tangu Ahero.

Nilidhani hapo ndio mwisho wa aibu. Dani akasimama hemani, akanyoosha fimbo. "Ndiye huyo! Mtoto wa fundi, aliyewasha ukuta kwa maombi!" Hema lote likageuka. Babu mmoja wa upande wa bibi harusi akanijia na simu yake mikononi. "Mjukuu wangu, niombee hii. Haijawaka tangu Pasaka."

Ningeweza kuiombea. Naapa, koo lilikuwa limeshajikwaruza. Lakini nikamwona Baba kando ya pikapu, ule mstari wa ovaroli umepotea ndani ya vumbi, anasokota kofia yake kama nguo inayokamuliwa.

"Mimi si nabii," nikasema. "Ilikuwa kadi ya Baba. Chaja haina makosa, Baba hana makosa, makosa ni mdomo wangu."

Dani akaniangalia sana, akatoa kitambaa, akakunjua, akampa mwanawe kadi, na kitambaa akakirudisha mahali pake. "Kadi ni yenu. Hiki ni changu." Na akarudi kuketi bila fimbo, mniamini msiniamini.

Baba wa bibi harusi alicheka mpaka akashikilia nguzo ya hema. Mzee Ogola hakucheka. Akaigeuza kadi mkononi, akasema, "Fundi, kama hiyo mashine imenikatalia mimi mwenye jumba, mwizi ataiweza? Jumatatu anza jumba la pili." Baba akafungua mdomo ashukuru. "Lakini huyo nabii wako," Mzee akaongeza, "abaki Kisian."

Nikabaki Kisian likizo nzima, nikifua ovaroli na kuzipiga pasi, mstari na yote, na nimeapa kadi ya mtu siishiki tena hata nikiombwa kwa magoti.

Juzi Dani amenipigia. Goti la kushoto nalo limeanza, anauliza kama nina kitambaa kingine. Nimemwambia siku hizi najifuta jasho kwa mkono.