Kiini Alichoitengea Kamera

Tumemzika fundi kompyuta wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, na hasira yangu haijaisha. Mungu simdai kitu. Namdai meneja wake, aliyeshika kipaza sauti msibani, akatoa rambirambi, kisha akasema marehemu "alituachia kompyuta amezifungafunga, ila tumesharudisha sawa." Udongo wa kaburi bado mbichi! Hiyo "sawa" sikuiamini tangu pale.

Mashine ile ina kamera inayotazama punje za mchele zikidondoka, na upepo unaopuliza pembeni zile mbovu. Kompyuta ikichelewa kidogo tu, inapulizwa punje nzima na mbovu inapita. Msimu uliopita nilipeleka mpunga wangu kutoka Michenga, mwanangu mgongoni, nikakuta ndoo ya uchafu imejaa mchele mweupe. Nikamvaa fundi.

"Shikamoo kaka. Huu wa kwenye ndoo anakula nani?"

"Marahaba. Hakuna mlaji, dada. Kamera inasumbuliwa."

Akaniambia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina viini kadhaa vya kufanyia kazi, na kimoja amekitenga kwa ajili ya kamera peke yake. Programu nyingine haziingii. Ila kerneli, ule moyo wa mfumo, bado inapenyeza humo vijikazi vyake vya chinichini. Nikaona ananipiga kamba. "Si umesema umekitenga?"

"Wewe ukijifungia chumbani unyonyeshe, nani anagonga?"

"Mama mkwe. Anauliza chumvi iko wapi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi huyo ndiye kerneli. Mgeni unamzuia, mwenye nyumba je?" Akavihamishia vijikazi vile kwenye viini vingine, akaniita nichungulie ndoo. Chenga na vijiwe tu.

Juzi nimerudi. Ndoo imejaa mchele mweupe tena. "Mpunga wenu mwaka huu mbovu," meneja akasema, "halafu marehemu aliichezea sana hii kompyuta." Nikamuuliza, alipoichezea ilikuwa inachambua vizuri au vibaya? Akapokea simu ambayo haikuita. Nashuku, katika kurudisha kwake "sawa", hajui alichokifuta. Nashuku zaidi kwamba anajua, na safari hii ndoo ina mlaji.

Tumezoea hivyo. Muuguzi anapewa wodi, halafu kila mwenye cheo anamtuma kwingine. Jioni analaumiwa yeye. Kutenga kwa mdomo si kutenga, mpaka uone nani bado anagonga. Viroba vyangu nimevirudisha nyumbani, na nimemwambia meneja sishushi hata kimoja mpaka arudishe mpangilio wa marehemu. Nawe ukiambiwa aliyeharibu ni yule aliye kaburini, usibishane. Chungulia ndoo kwanza.