Selina Aomba Kuwa Mamba

Selina alikuwa msusi wa mtaa wa Kiseke, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili na akasikia. Jumapili mchana hakumsuka mtu, hata angekuwa bibi harusi, maana saa hizo alikuwa Nyamizi, mwindaji mkali asiyeogopa pori lolote.

Ndivyo mchezo wao ulivyokuwa. Walikaa wanne, Selina na rafiki zake watatu, kwenye kibaraza cha akina Faisal. Nestory alisimulia safari na hatari zake, na wenzake kila mmoja alimwigiza mtu wake ndani ya hadithi. Jambo likiwa gumu, mchezaji alirusha dadu. Namba kubwa, umepona. Namba ndogo, shauri yako.

Isipokuwa Faisal. Yeye akirusha vibaya, alisema dadu imegonga kikombe. Au ni upepo wa ziwani. Au vidole vina mafuta ya kachori. Nestory alikuwa akijikuna shingo na kusema, "Haya, rudia."

Jumapili moja hadithi iliwafikisha mtoni. Selina akarusha, ikaja mbili.

"Mamba amekudaka mguu," alisema Nestory.

"Imegonga kikombe!"

"Aa, Selina. Sheria ni sheria. Nyamizi ameliwa."

Selina alihisi masikio yakiwaka moto. Alimpenda Nyamizi, alikuwa amemlea tangu kiangazi. Akachukua mkoba wake, akasimama aondoke. Kisha akakaa tena.

"Sawa, nimekufa. Huyo mamba anaigizwa na nani?"

"Na mimi, msimulizi."

"Wewe una kazi nyingi. Nipe mimi."

Shamsa, dada yake Faisal, alicheka hadi chai ikamtoka puani. "Mpe! Mpe mamba wake!"

Nestory akakubali. Selina akavua viatu, akalala kifudifudi kwenye mkeka, akaanza kutambaa kwa viwiko kumwendea Faisal huku akigongesha meno. Faisal akarusha dadu ili akimbie. Tatu.

"Upepo huo..."

"Mamba hajui upepo!" Selina alinguruma, akamshika kifundo cha mguu. Faisal akapiga yowe. Shamsa alikuwa chini, amejishika mbavu.

Kelele zilimtoa jikoni Bimdogo, mama wa Faisal na Shamsa, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Selina kutoka sakafuni.

"Marahaba. Umeanguka, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mimi ni mamba."

Shamsa akamweleza yote, akikatizwa na kicheko chake mwenyewe. Bimdogo akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo wenzako wakikosa wanaliwa, wewe ukikosa unarudia?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, liwa."

Nestory aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu, mama. Niliogopa nikimkatalia tutanyimwa kibaraza."

"Kibaraza changu hiki? Nani kakwambia? Mamba, endelea na chakula chako."

Faisal hakuwa na pa kukimbilia. Basi akaamua kufa vizuri. Alijitupa mkekani, akawaaga ng'ombe wake wa kwenye hadithi mmoja mmoja kwa majina, akafufuka kidogo kuomba ngoma kubwa msibani, akafa tena. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Bimdogo alifuta machozi kwa kanga, akaleta sinia. Akaagiza dadu irushwe humo, mbele ya wote, mara moja tu, na sheria hiyo imbane Nestory pia.

Giza lilipoanza kuingia, Faisal alimsindikiza Selina kuteremka kati ya mawe hadi barabarani.

"Dada, nilikukera kweli?"

"Sana. Nilitaka nisirudi tena."

"Nisamehe. Nilizoea kushinda, nikasahau kwamba na nyie mnacheza."

"Nimekusamehe. Ila una nyama ngumu wewe."

Wakacheka pale barabarani hadi wapita njia nao wakaanza kucheka, bila kujua wanacheka nini.