Chumba Kisichokuwa na Mimi

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu Uingereza, chuo hakikutaka kujua ukoo wetu wala kama anajua kupika. Kilitaka kwanza ajibu swali moja kwenye fomu: atakaa chumba cha peke yake, au cha watu wawili? Naye, mbele ya mama, mbele ya mjomba, na mbele yangu mimi niliyelala naye kitanda kimoja tangu alipoachishwa ziwa, akasema, "Cha peke yangu."

Nilikuwa nasukuma mahamri. Nikakiweka chini kijiti cha kusukumia, nisije nikakitumia kwa kazi nyingine.

Malindi ya miaka ile ya themanini, mtaani kwetu, waliolala peke yao chumbani walikuwa watu wa namna mbili: mgonjwa wa tetekuwanga, na mjane aliye edani. Msichana mzima wa afya, mwenye mama na dada, aombe kwa mdomo wake mwenyewe kufungiwa chumbani peke yake? Watu wangeuliza tumemfanya nini. Na nani angeulizwa? Si mimi niliyekuwa naye kitandani?

Nakiri kwamba kwa mambo ya safari sikuwa mtu wa kusikilizwa. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, na nyumbani nikakaa. Niliwahi kwenda kwa mjomba Kikambala, alikokuwa akipokea wageni hotelini, nikanuia kukaa wiki nzima. Siku ya pili nikarudi, kwa sababu mto niliopewa ulinuka mafuta ya nywele za watu wengine. Lakini kulala, hilo nilikuwa nalijua.

"Mtu mwenye watu wake halali peke yake," nikasema. "Hata paka wetu halali peke yake."

"Paka hana mitihani, dada."

Mjomba, kwa kuwa alishika funguo za Wazungu kila siku, alijihesabu mjuzi wa Uingereza nzima. Akafuta masharubu. "Chumba cha mtu mmoja ni cha wazee waliofiwa," alisema. "Anakuja na kitabu chake, anakula akitazama ukuta. Sisi huwaonea huruma, tunawaongezea embe."

"Basi nitaongezewa embe," mdogo wangu akasema.

Mama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, kimya. Neno la mwisho lilikuwa lake, na ukimya ule ulinipa moyo. Mama akinyamaza, mara nyingi amekwisha kukataa.

Nikamfuata mdogo wangu uani, alikokwenda kukuna nazi. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi nipe sababu."

Akaendelea kukuna. "Dada, wewe hulali. Miguu yako iko Mambrui, kichwa kiko Malindi, na mimi hapo katikati ndiye mto Sabaki. Unanivuka usiku kucha."

"Mwongo wee. Mimi nalala kama maiti."

"Maiti hamzimii mwenziwe taa."

Hilo liliniuma. Taa nilikuwa nikiizima, sikatai. Lakini aliyeamka alfajiri kukanda unga ni nani, yeye na kitabu chake cha kemia, au mimi? Taa ikiwaka wadudu wanaingia, na mwenye kuwafukuza alikuwa nani? Na alipofaulu, mahamri ya kugawia mtaa mzima nani aliyakaanga? Leo mimi ndiye wa kukimbiwa mpaka Ulaya.

"Nataka tu nijue inakuwaje," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nimefunga mlango, na hakuna mtu wa kuniuliza nafanya nini."

"Kwani utakuwa unafanya nini?"

Akacheka mpaka nazi aliyoikuna ikamwagika.

Nikarudi ndani kwa mama, mjomba akiwa bado na kikombe chake. Nikaona nitumie silaha yangu kubwa. Baba alikuwa amefariki miaka michache nyuma. "Mama, wewe umekaa eda," nikasema. "Hebu mwambie chumba cha peke yako kilivyo."

Mama akaweka ungo chini.

"Nilikaa," alisema. "Asubuhi wanaingia shangazi zenu. Mchana majirani. Usiku nyinyi, mmoja kulia, mmoja kushoto, nisije nikabaki na mawazo. Miezi minne na siku kumi, na sikupata hata dakika moja ya kumlilia mume wangu bila mtu kunishika bega na kuniambia basi." Akauinua ungo tena. "Mwandikieni cha peke yake."

Mimi ndiye niliyelala kulia. Siku zote nilijua ule ni wema.

Mjomba, yule wa wazee na embe, akatoa kalamu ya hoteli akatia alama kwenye fomu bila hata kunitazama.

Mdogo wangu akaenda. Wiki ya kwanza nililala nimejibana ukingoni kwa mazoea, kama mgeni kwenye kitanda changu. Ya pili nikajinyoosha. Ya tatu redio ilikuwa imepanda juu ya mto wake, nami nasikiliza taarabu mpaka nichoke mwenyewe. Mchana nilifunga mlango nikakaa tu, sina ninalofanya, na hakuna aliyeniuliza.

Ndipo mama akaniletea binti wa shangazi kutoka Mambrui, amekuja kujifunza kushona, na furushi lake la nguo kwapani. "Atalala na wewe."

"Sebule ipo."

"Peke yake?" mama akasema. "Mtu mwenye watu wake?"

"Mama, mwenzangu ulimpa chumba kizima cha Uingereza."

"Yeye aliomba. Wewe ulichoomba ni mtu asilale peke yake. Nimekutimizia."

Mpaka leo nasema nilionewa. Nikaondoa redio juu ya mto, binti akapanda upande wa ukutani, akauliza kwa adabu zote, "Dada, nizime taa?"

"Iache," nikamwambia.

Asubuhi, mimi nimesimama pale pale, alimwambia mama kwamba hakupata usingizi kwa sababu ya taa. Mama akanitazama.