Jani la Kutandika Kikapu cha Taka

Mwanangu, nivumilie kwanza. Herufi zangu zinapanda na kushuka, na mahali pengine nitakosea maneno, kwa kuwa niliishia darasa la nne na mkono wangu ni mzito. Hata kusema mbele za watu naona haya tangu usichana. Lakini nawaona ninyi vijana pale dukani Mbugani mkichagua mifuko ya taka, mnachukua ile laini yenye rangi nzuri, nami nacheka peke yangu. Nilikuwa hivyo hivyo.

Ipo siku moja haijanitoka kichwani. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nina miezi miwili tu tangu niolewe Ipinda. Nilizaliwa ziwani, kwa wafinyanzi; migomba niliijua kwa kula ndizi zake. Mila ya hapa unaijua: mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake, wala hakanyagi uwanja anapoketi. Akisikia kikohozi chake, anajificha. Anayekosea hapo hurudishwa kwao akafunzwe upya, na wazazi wake huinamisha vichwa.

Siku hiyo baba mkwe alikuwa na wageni, nikapewa samaki niwatengeneze. Matumbo na magamba nilitakiwa kuyapeleka migombani yafukiwe. Kikapu cha taka hutandikwa jani la mgomba ndani, majimaji yasivuje. Nikachagua jani changa, laini, linalong'aa, maana kwetu ndilo tulilofunikia vyungu vibichi visikauke upesi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nikajitwika. Nilipofika kona ya uwanja wa baba mkwe, nikasikia baridi shingoni. Jani lilikuwa limechanika. Maji ya samaki yakaniingia machoni, nikayumba, kikapu kikaanguka palepale penye mlango wa uwanja. Baba mkwe akakohoa. Nikakimbilia migombani, na kurudi kuzoa sikuweza, maana yeye yupo.

Wifi yangu akanifuata akicheka. "Gwe, wewe mtu wa ziwani! Umetuhamishia ziwa mpaka uwanjani? Funga nguo zako, kesho uko kwenu."

Nililia, mwanangu. Nilimwona kichwani mwangu baba yangu akinipokea bila kuniuliza neno.

Mara mama mkwe akapita na jembe na majivu. Nikamsikia akiwaambia wageni, "Nisameheni, baba zangu. Kikapu changu kimenitoroka. Uzee huu!" Wakacheka. Akazoa, akamwaga majivu, akafagia mpaka pakawa safi. Changu, alisema. Sijapata kuona mtu mkubwa kama yule, na kwa kimo alinifikia begani.

Akanikuta nimejikunyata. "Mama, nirudi kwetu?" nikauliza.

"Urudi ukafanye nini? Nani atanifinyangia chungu? Inuka nikuonyeshe jani."

Alikata jani lililokomaa, lisilochanwa na upepo, akatoa ule uti wa katikati, akalipitisha juu ya makaa mpaka likalegea kama kitambaa. Akalipima kikapuni, kingo zikaning'inia nje kiganja kizima. "Jani la kufunika si jani la kubeba," akasema. "Majivu makavu, moja linatosha. Samaki, mawili, yapishane." Wifi alikuwa bado anachekacheka. "Na wewe shika hapa," akaambiwa. "Kikapu ulichomwaga wewe mwaka juzi alikizoa nani?" Akashika ukingo wa jani.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikaa nyumba ile, nikazaa humo, na mama yule nilimfumba macho kwa mkono wangu.

Basi, mfuko nao ni jani. Usichague rangi. Pima mdomo na kina cha pipa lako, ubaki wa kukunja nje usije ukazama. Kwa karatasi, mwembamba unatosha. Kwa maganda mabichi na samaki chukua mnene, na uuvute kwanza kwa vidole. Usiujaze mpaka juu. Na siku mtoto wa watu atakapomwaga mbele ya wageni wako, sema ni chako. Kumfundisha kutafuata.

Mungu akupe nyumba isiyokosa cha kupika, wala mtu wa kukufagilia aibu yako. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisoma mpaka hapa. Niandikie uniambie bibi zako walitandika nini. Nitajibu, hata kama ni polepole.