Kanya ya Nsimire

Kwa Nsimire wa mtaa wa Kasha, uma si chombo cha kulia. Na kwanza ni nani Bukavu anakula bugali kwa uma? Vidole viko. Basi zile kanya, ndivyo tunavyoziita uma huku kwetu, alizopewa siku ya ndoa, alizitafutia kazi nyingine. Moja aliikunja akatundikia funguo. Nyingine anachora nayo mistari kwenye udongo wa mikebe anamopanda mboga ya lengalenga. Na ile yenye mpini uliopinda, ee, hiyo ndiyo ya pompon.

Unajua baridi ya huku. Mtoto akizaliwa, hakuna mama anayekwenda kumpongeza mzazi bila kofia ya sufu mkononi. Kofia za Nsimire zilijulikana mpaka kule Miti, nje ya mji, kwa ajili ya hiyo pompon, kile kitufe cha juu, kidogo, cha duara, kilichojaa manyoya. Anazungusha uzi kwenye meno ya kanya, anafunga katikati, anakata pembeni, kwisha. Njia hiyo aliigundua mwenyewe akiwa na mimba ya Carine, binti yake wa kwanza, na baadaye akamfundisha Carine. Mtu mwingine aliyemfundisha ni mmoja tu: Agathe, jirani yake, mjane, aliyekuwa akishinda jikoni mwake.

Mwaka huu parokia ikafungua atelier ya kufundishia wasichana kazi za mikono. Kila shirika, zile jumuiya zetu ndogo za mtaa, litume mama mmoja aonyeshe ufundi wake kwa masista, nao wachague mwalimu. Mwalimu! Nsimire alitolewa shule akiwa mdogo akalime kijijini Nyantende, na jina hilo alilitaka mpaka akawa analisema peke yake akiosha vyombo: Maman Mwalimu Nsimire. Shirika likamchagua yeye. Kumbe siku yenyewe ikaangukia mazishi ya baba yake mkubwa, na msiba kama huo haukoswi. Akampa Agathe kofia pamoja na kanya.

"Uende, dada yangu. Useme ni kazi ya Nsimire, mwenyewe iko kwenye kilio."

"Usiogope," Agathe akamjibu. "Mi na weye si ni mutu moja?"

Maneno ya mdomo hayo! Jumapili, baada ya misa, tangazo likasomwa. Nsimire alikuwa ameshainuka nusu, anajifunga kitenge vizuri, ndipo akasikia jina la Agathe. Wamama wakapiga vigelegele. Yeye naye akapiga makofi, maskini, maana mikono ilikuwa imeshaanza.

Alimkamatia nje ya kanisa.

"Agathe, ulisema nini kule?"

"Waliniuliza nani alitengeneza." Agathe hakumtazama usoni. "Nikasema ni miye. Nsimire, weye uko na bwana, uko na watoto. Mi niko na nini?"

"Ulikuwa na miye."

Utasema angekwenda kwa masista. Aseme nini? Kanya iko kila nyumba, haishuhudii kitu, na anayelalamika baada ya mwenzake kuchaguliwa anaitwa mwenye wivu. Akameza. Ilimchoma, lakini akameza, hata Carine alipotaka kujiandikisha kwenye atelier hakumzuia.

Siku moja Carine akarudi kutoka atelier, akaketi kumsaidia mama yake kuchambua maharage.

"Walifundisha nini leo?"

"Pompon." Akaokota kijiwe, akakitupa. "Maman Agathe alisema njo yeye alianzisha. Akasema hata weye, ni yeye alikufundisha."

Nsimire akaacha maharage. "Na weye ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

"Carine. Si unajua?"

"Najua, Maman. Lakini ye njo mwalimu. Halafu akaniuliza mbele ya wote, si ni kweli, Carine? Nikasema ndiyo."