Kaka Yangu Idi na Mlango Alioruka

Nakumbuka siku ile Mzee Jivan alipovuka daraja kutoka Bukavu, akaingia kwetu Kamembe na kukataa chai. Mwanangu, kwetu mgeni akikataa chai, ujue ana neno zito kifuani.

Alikuwa Mhindi muuza vitambaa huko Bukavu, na kaka yangu Idi alishona nguo barazani pa duka lake. Baba alishafariki, cherehani ya Idi ndiyo iliyotulisha, Mama na mimi. Kila asubuhi Idi alimwona mzee ameketi, macho kayafumba, akivuta pumzi taratibu. Akaomba kufundishwa. Mzee akamweleza kwamba wahenga wao waliiita ibada ile yoga, yaani kuunganisha nafsi na Mola wake, na njia zake si moja: kuna ya kazi isiyodai sifa, ya kumpenda Mungu, ya elimu, na ya kuituliza akili. Lakini zote, alisema, zina mlango mmoja: usimdhuru kiumbe yeyote. Anzia hapo, na kazi yako iwe ibada yako.

Idi aliuruka mlango. Alitaka utulivu tu, tena upesi. Akaacha cherehani, akajifungia chumba cha nyuma, akala kidogo, kisha karibu asile kabisa. Mama, na kifua chake kibovu, akaanza kubeba magunia ya makaa sokoni. Mimi nilipika uji, ulirudi umepoa. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, mwanangu, na hilo halihusu mali peke yake.

Basi siku ile mzee aliingia chumbani. Mama alikuwa amepiga magoti na kikombe cha uji.

"Mutoto yangu, kunywa hata kidogo," alimsihi.

Idi hakufumbua macho.

"Idi," mzee alisema, "nilikuambia usidhuru. Unamuua mama yako, unajiua na wewe, halafu unaita hiyo njia ya Mungu?"

"Mwili ni nguo tu, Mzee. Niko karibu kufika."

"Wewe ni fundi nguo. Nguo hiyo umepewa na Mwenyewe. Utamrudishia imechanika?"

Idi akaendelea kuvuta pumzi. Mvua kubwa zikamletea homa; akakataa dawa, akisema homa ni ya mwili, si yake. Alikufa akiwa ameketi. Waliomwosha walihangaika kunyoosha magoti yake, na Mama aliyasikia yote akiwa uani.

Mzee alikuja mazishini. Mama akamwuliza kama mwanawe alifika kule alikokuwa anakwenda.

"Sijui, Maman," mzee alisema. "Hata mimi bado sijafika."

Mama alirudi kwenye makaa yake, hadi kifua kilipomshinda.

Mwanangu, sikukatazi kutafuta utulivu. Mimi mwenyewe, kabla ya sala, huketi nikavuta pumzi kama alivyofanya yule mzee. Lakini ukiona njia yako ya Mungu inapita juu ya mgongo wa aliyekuzaa, geuka. Tazama kwanza ni nani anayelala njaa kwa ajili ya ibada yako. Lisha, uguza, fanya kazi bila kudai sifa. Kisha ndipo uketi. Na mwili wako usiutese, si mali yako.

Mungu akupe moyo uliotulia na mikono isiyomuumiza mtu. Na siku yako ikifika, wanao wakuzike wewe, usiwazike wao.