Kumtembeza Mwanamke Mwenye Mzigo

Kwa miaka mingi nilichora kuta za maduka hapa Bukavu: chupa za bia, vichwa vilivyosukwa, simu. Mabango ya kuchapishwa yalipoenea, watu wakaacha kuniita. Nikiwa na miaka arobaini na sita nikajiandikisha katika darasa la kutengeneza katuni kwa kompyuta, kule Nyalukemba. Wenzangu wote walikuwa vijana. Mimi hata kipanya kilikuwa kinaniponyoka mkononi.

Zoezi la kwanza lilikuwa kumtembeza mtu, sekunde mbili tu. Nilichagua mwanamke aliyebeba gunia mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama wale wanaopanda kila asubuhi kutoka Mumosho. Mama yangu alifanya kazi hiyo mpaka nilipomaliza shule. Nilidhani kumchora kungekuwa rahisi.

Haikuwa hivyo. Kila sekunde ilidai picha kumi na mbili, na kila picha ilitofautiana na mwenzake kidogo tu. Nikigusa pasipofaa, mguu unahamia kichwani. Siku ya nne umeme ulikatika kabla sijahifadhi, kazi yote ikapotea. Sikukasirika. Nilikaa tu nikiangalia kioo cheusi, mgongo ukiniuma, nikiona haya kuinuka mbele ya wale vijana.

"Papa, tutaanza tena," mwalimu akaniambia. Ni binti ambaye ningeweza kumzaa. "Ila sasa utakuwa unahifadhi kila dakika tano."

Baada ya wiki mbili mwanamke wangu akatembea. Nikaazima kompyuta ndogo ya kubebeka ya darasa, nikaenda kumwonyesha mama.

"Huyu iko anabeba nini?" akauliza. "Pamba?"

"Ni unga, mama."

"Hapana, papa," akasema, kwani bado huniita hivyo kama mtoto. "Ile haiko unga."

Akainuka, akataka gunia letu la makala ya kupikia. Nilimkatalia kwa sababu ya magoti yake, lakini hakunisikiliza. Akalifunga mgongoni kwa kitenge, akakipitisha kwenye paji la uso, akainama mbele, akakatiza sebuleni hatua sita. Shingo haikutikisika. Mikono ilishika kitenge karibu na masikio, na vidole vya miguu vilitangulia kupapasa sakafu kabla hajaweka uzito wote. Mimi nilikuwa nimemchorea mikono inayopunga. Nilikuwa nimemwona akirudi nyumbani hivyo utoto wangu wote, na hata mikono yake sikuijua.

Nikafuta kila kitu. Kuchora upya kulinichukua wiki tatu.

Nilipomwonyesha tena, alitazama muda mrefu. Katika programu ile mwendo hujirudia wenyewe: mwanamke anatembea, anatembea, hafiki.

"Sasa ni yeye," mama akasema. Kisha akauliza, "Atatua wapi?"

"Hatui, mama. Zoezi ni kutembea tu."

"Basi umupatie fasi ya kupumuzika."

Mwalimu hakuwa ameagiza hilo, nami nilikuwa nimechoka mpaka macho. Lakini nilichora ukuta mfupi wa mawe kando ya barabara, wa kimo cha kuegemezea gunia, nikamsimamisha hapo. Siku tisa zikaenda hapo.

Kazi zetu zilipoonyeshwa darasani, yangu ilikuwa ndefu kuliko zote, na mguu wa kushoto bado uliruka kidogo. Mwalimu akaniuliza kwa nini mwanamke anasimama. Nikamjibu kwamba amechoka. Akaandika alama, tukaendelea na kazi ya mwingine.